Nani hayumo kwenye hesabu? Maswali ya wanafunzi wa utafiti wa afya, Unguja na Pemba

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wa uzamili wanaopima tofauti za afya baina ya mjini na shamba, Unguja na Pemba, wenye nacho na wasio nacho. Tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Assalamu alaykum. Nataka kulinganisha presha ya wanawake wa Unguja na wa Pemba. Msimamizi wangu kaniambia nichukue watu 384, nusu huku nusu kule. Darasa zima lina 384. Inatosha? (Mwanafunzi, Tunguu)

Wa alaykumu s-salaam. Haitoshi. Namba hiyo inanakiliwa kutoka tasnifu hadi tasnifu bila ya mtu kuuliza imetoka wapi. Imetoka kwenye swali jingine kabisa: katika eneo moja, asilimia ngapi wana ugonjwa fulani, ukikisia ni asilimia 50, ukikubali kukosea kwa pointi 5 juu au chini, na ukichagua mtu mmoja mmoja kwa nasibu kutoka orodha kamili. Wewe unalinganisha makundi mawili, na orodha kamili ya wanawake wa Zanzibar hunayo.

Fanya hivi. Tuseme unatarajia asilimia 30 kisiwa kimoja na 20 kingine, na unataka uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 5. Zidisha 0.30 kwa 0.70 upate 0.21, zidisha 0.20 kwa 0.80 upate 0.16, jumla 0.37. Zidisha kwa 7.84, namba inayotokana na uwezo huo wa asilimia 80 na kiwango hicho cha asilimia 5, kisha ugawe kwa mraba wa tofauti yenyewe, yaani 0.01. Unapata 290 na kidogo, kwa hiyo 291 kwa kila kisiwa.

Bado. Wewe utakwenda shehia kwa shehia, na wanawake wa shehia moja wanafanana: chakula chao hakitofautiani sana, kituo chao cha afya ni kimoja, na wengi wao ni ndugu. Wanawake 20 wa shehia moja hawakupi habari za watu 20. Kwa hiyo hesabu yako izidishwe kwa 1 + (m − 1) × r, ambapo m ni idadi ya watu kwa shehia na r ni kiasi cha kufanana. Ikiwa r ni 0.05 na m ni 20, unapata 1.95. Mara 291 ni 568. Ukiweka asilimia 10 watakaokataa au kukosekana, gawa kwa 0.9: wanawake 632 kila kisiwa, jumla 1,264, katika shehia 32 za kila upande. Ukichukua wanawake 10 tu kwa shehia, kizidisho kinashuka hadi 1.45 na watu wanashuka hadi 469 kila kisiwa, ila shehia zinapanda hadi 47. Watu pungufu, nauli zaidi. Hiyo r usiibuni; itafute kwenye utafiti uliopimwa mahali panapofanana na hapa.

Kama fedha haifiki hapo, chagua kisiwa kimoja na ueleze hali yake vizuri. Utafiti mdogo unaojibu swali dogo unatetewa vizuri mbele ya watahini kuliko ulinganisho usio na uwezo wa kuona kitu.

Mambo mawili zaidi, kwa sababu ni presha. La kwanza ni mashine. Timu ya Unguja ikiwa na mashine zake na timu ya Pemba zake, mwishoni hutajua umelinganisha wanawake au mashine. Zibadilishane visiwa katikati ya kazi, na wapimaji vilevile. Mtu apumzike dakika tano, miguu chini, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo. Pima mara tatu, chukua wastani wa kipimo cha pili na cha tatu. Beba mikanda ya ukubwa tofauti: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na kama wanene wako wengi upande mmoja, umejitengenezea tofauti isiyokuwepo.

La pili ni umri. Chukua mfano wa kubuni. Mjini umepima wanawake 300 wa miaka 25 hadi 44 na 100 wa miaka 45 hadi 64. Shamba 200 na 200. Sehemu zote mbili, asilimia 15 ya vijana na asilimia 45 ya wakubwa wana presha. Hakuna tofauti yoyote. Lakini ukijumlisha, mjini unapata 90 kati ya 400, yaani asilimia 22.5, na shamba 120 kati ya 400, asilimia 30. Vijana wakihamia mjini kutafuta kazi, shamba huonekana linaumwa zaidi. Sawazisha umri kwanza, na uonyeshe jedwali la kila kundi la umri peke yake.

Na ukitaka takwimu ya Zanzibar nzima, usichukue wastani wa visiwa viwili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,332 Unguja na 543,441 Pemba. Pemba ni kama asilimia 29 ya watu, wala si nusu. Asilimia 20 ya Unguja na 30 ya Pemba zinakupa takriban 22.9, anayeandika 25 kaipa Pemba watu ambao haina.

Sheha amenipa daftari lake la wakaazi. Naweza kuchagua kaya humo? Na nikikuta mlango umefungwa, nichukue jirani? (Chake Chake)

Daftari la sheha ni mahali pa kuanzia tu. Aliyehamia mwezi uliopita hamo, mpangaji mara nyingi hamo, na aliyefariki mwaka juzi huenda bado yumo. Wanaokosekana si watu wa kawaida: ni wapangaji, watumishi waliohamishwa, vijana, wavuvi walioko dago, yaani kambi za uvuvi. Hao hao ndio wenye afya tofauti na wenyeji wa siku nyingi, kwa hiyo kuwaacha kunakuharibia kile hasa ulichokwenda kukipima.

Chagua shehia kwa nasibu, kubwa ikiwa na nafasi kubwa kwa kadiri ya watu wake. Kisha, kabla ya dodoso lolote, ingia kwenye eneo ulilolichagua upite nyumba kwa nyumba ukiorodhesha kaya, ukiandika namba kwa chaki juu ya mlango. Kaya ni wanaokula chungu kimoja. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tatu. Mume wa wake wawili aamuliwe mapema anahesabiwa wapi, kwa mfano alikolala usiku wa jana, la sivyo atahesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa.

Tuseme umepata kaya 310 na unataka 20. Nafasi ni 15.5. Hiyo nusu usiitupe. Ukiifanya 15, kaya kumi za mwisho wa orodha hazina njia ya kuchaguliwa, na mwisho wa orodha mara nyingi ndio pembezoni mwa kijiji, mbali na barabara. Ukiifanya 16, unaweza kumaliza orodha hujafika 20. Chagua namba ya nasibu kati ya 0 na 15.5, tuseme 6.2, kisha ongeza 15.5 kila mara: 6.2, 21.7, 37.2. Kila moja ipandishe: kaya ya 7, ya 22, ya 38, na kuendelea.

Ndani ya kaya, kama unahitaji mwanamke mmoja na wapo watatu, mchague kwa nasibu pia, na uandike kuwa walikuwa watatu, maana nafasi yake ilikuwa moja kwa tatu na uchambuzi wako lazima ujue hilo. Anayekaribisha wageni asiwe ndiye anayepimwa kila mara.

Jirani, hapana. Anayekutwa nyumbani saa nne asubuhi ni mzee, mgonjwa au mzazi wa juzi. Rudi mara tatu kwa nyakati tofauti: asubuhi mapema, baada ya alasiri, na siku ya mapumziko. Wakati wa mavuno ya karafuu Pemba ni mtihani wa peke yake, kwani kaya nzima huhamia kambini na kurudi baada ya wiki. Ama uahirishe, ama uwafuate huko huko kambini. Akikosekana mara zote tatu, andika amekosekana. Kaya zilizokosekana ni matokeo nazo, ziripoti kwa kila shehia.

Rejista za hospitali zinaonyesha kesi nyingi Chake Chake kuliko Micheweni. Nimeandika kuwa Chake Chake ina mzigo mkubwa zaidi. Mtahini kakataa. (Wete)

Mtahini yuko sawa. Rejista inahesabu waliofika. Mgonjwa wa Micheweni mwenye nauli hushuka Wete au Chake Chake, au huvuka bahari mpaka Mnazi Mmoja. Asiye na nauli hubaki nyumbani na haonekani popote. Kwa hiyo wilaya yenye huduma huazima kesi za jirani, na wilaya isiyo na huduma huonekana nzima.

Rudi kwenye rejista, tafuta safu ya anwani, upange upya kila kesi kwa shehia anayotoka mgonjwa. Zisizo na anwani zihesabu uzitaje. Kisha gawa kwa watu wa wilaya anayoishi. Hili ndilo linaloeleza pia chanjo za asilimia 112 zinazotokea kwenye ripoti za mwezi: watoto waliochanjwa, wanaowekwa juu ya mgawanyo, wengine wametoka nje ya eneo, na makadirio ya watu yanayowekwa chini ni ya zamani. Na weka safu ya waliopimwa kando ya waliokutwa na ugonjwa. Chake Chake ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na palipo na vipimo vingi ugonjwa huonekana mwingi.

Nimekuta wanawake wa shehia za mbali wanajifungulia nyumbani zaidi. Nilipoingiza kipato, elimu na umbali wa kituo kwenye modeli, tofauti ikatoweka. Niandike kuwa hakuna tofauti? (Mkoani)

Usiandike hivyo hata kidogo! Tofauti ipo; umeifuta kwa mkono wako mwenyewe.

Kuna vitu vya kusawazisha na kuna vitu vya njiani. Umri wa mama na idadi ya uzazi wake huchanganya picha: kama wanawake wa mbali wana watoto wengi zaidi, na mwenye watoto wengi huona kujifungua si jambo la kukimbilia kituoni, huenda ukataka kuliondoa hilo. Lakini umbali wa kituo ndiyo njia yenyewe ambayo shehia ya mbali inamzuilia mama. Ukiuweka kwenye modeli unauliza: "Kama shehia ya mbali isingekuwa mbali, ingekuwa mbaya?" Kipato na elimu navyo hutegemea swali. Chora mishale kwenye karatasi kabla ya kufungua kompyuta: nini kinasababisha nini. Kilicho katikati ya mshale usikiingize kwenye modeli ya kwanza.

Toa modeli mbili mfululizo. Ya kwanza ina umri na uzazi tu, na hiyo ndiyo tofauti yenyewe. Ya pili ongeza umbali, kipato na elimu, na useme wazi kuwa unaonyesha tofauti imepitia wapi. Sentensi ya kuandika ni kuwa sehemu kubwa ya tofauti inaelezeka kwa umbali na kipato. Ofisa wa wilaya atajua la kufanya na sentensi hiyo. Na "hakuna tofauti" atalala nayo.

Jambo jingine kwenye jedwali lako: umetumia uwiano wa odi (odi ni waliofanya ukigawa kwa wasiofanya) na kuusoma kama "mara ngapi zaidi". Kwa jambo la nadra inasameheka. Kujifungulia nyumbani si nadra kwenye data yako. Upande mmoja ukiwa asilimia 60 na mwingine 40, uwiano wa odi ni 2.25, lakini ukweli ni mara 1.5 tu. Tumia modeli ya Poisson yenye makosa sanifu imara, ikuletee uwiano wa asilimia moja kwa moja, na kando yake andika tofauti kwa pointi: 20. Msomaji apewe zote mbili.

Napima kichocho na upungufu wa damu kwa watoto wa skuli. Mkojo nikusanye saa ngapi? Na nikikuta damu pungufu niseme ni lishe? (Konde)

Mkojo, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi wakati huo. Tikisa chupa kabla ya kuvuta mililita 10, kwa sababu mayai hutuama chini na asiyetikisa anachuja maji matupu. Mayai 50 au zaidi kwa mililita 10 ni maambukizi mazito. Ukipima na minyoo kwa njia ya Kato-Katz, ya kuhesabu mayai kwenye kinyesi, yenye kibati cha miligramu 41.7, zidisha mayai kwa 24 upate idadi kwa gramu, na ya safura yasome ndani ya dakika 30 hadi 60, maana gliserini huyayeyusha machoni pako. Skuli iliyo mbali na maabara, ambayo slaidi zake hufika jioni, itaonekana haina safura.

Kisha jiulize nani hayupo darasani. Mtoto anayeshinda bondeni kwenye mpunga au mtoni, ambako wako konokono wa kichocho, ndiye anayekosa skuli. Utafiti mkubwa wa kutokomeza kichocho wa 2012 hadi 2017, uliochukua shehia 45 Unguja na 45 Pemba, ulipima watoto wa skuli na watu wazima pia. Wewe kama huwezi kwenda majumbani, chukua daftari la mahudhurio, taja wasiokuwepo siku hiyo, na rudi siku nyingine kuwapata hata wachache.

Damu: lishe peke yake, hapana. Malaria, safura, kichocho, selimundu na uvimbe wa muda mrefu vyote hushusha damu, na tafiti za skuli za Pemba za miaka ya 1990 zilionyesha wazi mchango wa safura. Lipo na somo kali zaidi. Jaribio la Pemba lililochapishwa mwaka 2006 liliwapa watoto wa mwezi 1 hadi 35 madini chuma na asidi ya foliki kila siku. Sehemu hiyo ilisimamishwa Agosti 2003 kwa sababu waliopewa walilazwa au kufariki zaidi, wakati malaria ilikuwa imejaa kisiwani. Faida ilionekana kwa waliokuwa na upungufu halisi wa madini chuma. Kwa hiyo kwenye mapendekezo yako usiandike "wapewe vidonge wote" kwa kuwa umeona himoglobini chini.

Tumia mipaka ya WHO ya mwaka 2024: gramu 115 kwa lita kwa miaka 5 hadi 11, na 120 kwa miaka 12 hadi 14. Ukitoboa kidole, futa tone la kwanza, wala usikamue. Maji ya mwilini yanaingia na kipimo kinashuka.

Natumia data ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa 2022. Wazanzibari karibu wote kwangu ni "matajiri". (Mjini)

Mafungu matano ya hali ya maisha yamepangwa kwa kaya za Tanzania nzima, na shamba la bara lisilo na umeme hujaza mafungu ya chini. Unguja unabaki na fungu la chini lenye kaya za kuhesabu kwa vidole, na uwiano wowote utakaopata humo ni wa kubahatisha. Chukua alama yenyewe ya hali ya maisha, baki na kaya za mikoa mitano ya Zanzibar, uzipange upya katika mafungu yako ukitumia uzito. Mafungu matatu yanatosha. Uzito, ambao ni safu ya v005 kwenye data, ugawe kwa 1,000,000. Kundi la kaya za eneo moja ni v021, tabaka ni v023. Tabaka hakikisha kwenye maelezo ya data. Ukisahau kundi, vipimo vyako vya uhakika vitakuwa vyembamba kupita kiasi.

Naweza kufanya kazi ya uwanjani Ramadhani? (Mwera)

Dodoso la asubuhi, sawa, ila fupi. Presha, sukari na ulaji, subiri. Saa za kula, dawa na usingizi vyote vimehama, na hutaweza kulinganisha na aliyepimwa Shaaban.

Mimi ni sheha. Wanafunzi wanakuja, wanaandika, wanaondoka, na hatusikii tena. Niwaulize nini mlangoni? (Kaskazini Pemba)

Sheha wetu, una haki zote. Taka barua ya wilaya na cheti cha kamati ya maadili ya ZAHREC, utazame tarehe ya mwisho. Uliza wanachukua nini mwilini mwa mtu, damu au mkojo, inakwenda wapi na inakaa muda gani. Uliza mgonjwa atakayepatikana atafanywa nini: mtu mwenye presha ya 180 kwa 120 apelekwe kituoni siku ile ile, na mtoto mwenye kichocho apate prazikwantelu, ambayo kawaida ni miligramu 40 kwa kilo. Asiyekuwa na jibu la hili, arudi akalitafute.

Na wao pia wana haki kwako. Waonyeshe mipaka na nyumba, kisha uwaache. Usiwachagulie kaya za watu unaowaona wanafaa kuzungumza. Ruhusa yako inamfungulia mtafiti njia ya kuingia shehiani. Ridhaa ni ya mwenyewe, na kwa mtoto ni ya mzazi pamoja na mtoto mwenyewe kukubali. Ukikaa kitako barazani wakati mwanamke anaulizwa habari za uzazi, utapata majibu ya heshima. Tena watu wakikuona na daftari hudhani majina yanaandikwa ya TASAF, wanaficha baiskeli na friji, na jedwali zima la kipato linaharibika. Tangaza mapema msikitini na skuli kuwa hakuna msaada utakaogawiwa.

Mwisho, waandikishe ahadi: ukurasa mmoja wa Kiswahili na kikao kimoja cha matokeo, kwa tarehe iliyotajwa kwenye barua yao, na nauli yake imo kwenye bajeti tangu mwanzo. Kwenye ukurasa huo ugonjwa wenye watu wachache usitajwe kwa jina la shehia. Watu watatu wa kifua kikuu katika shehia ndogo hawahitaji kutajwa majina ili wajulikane.